Kaliba Mpya Haisomi Upepo

Ukiwasikiliza walenga shabaha wa masafa marefu wa Marekani na Uingereza wakibishana, utadhani ushindi unauzwa dukani. Huyu anaisifu Creedmoor ya milimita 6.5, yule haoni zaidi ya milimita 7, na wote wawili wanaicheka .308 ya zamani.

Hoja yao ina uzito. Risasi ya .308 ya gramu 11 hivi hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 790 kwa sekunde. Ikifika yadi 1,000, yaani mita 914, kasi yake imeshuka hadi kuikaribia ile ya sauti, na hapo ndipo risasi huanza kuyumba. Ya 6.5, iliyotangazwa na kampuni ya Hornady mwaka 2007, ni nyembamba na ndefu, hivyo hukata hewa vizuri zaidi. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma .308 zaidi ya mita 2 kwenye masafa hayo. Ile nyingine huokoa karibu nusu mita. Katika mashindano ya F-Class ya Marekani kwenye masafa hayo, duara la pointi 10 lina upana wa sentimita 25 tu. Nusu mita si mchezo.

Ila kuna gharama ambayo muuzaji haitaji. Kaliba ndogo inayosukumwa na baruti nyingi huunguza mtutu. Baadhi ya bunduki za milimita 6 huanza kupoteza shabaha baada ya risasi 1,500 hivi, wakati .308 inaweza kupita 4,000. Mwenye bunduki akianza kuhesabu kila risasi kama noti inayotoka mfukoni, mazoezi hupungua.

Na bila mazoezi, kaliba haisaidii kitu. Mlengaji amelala kifudifudi, ukanda umembana mkono, jicho moja kwenye bendera za uwanja. Bendera ya karibu inalegea huku ya mbali imenyooka. Afyatue au asubiri? Hakuna ganda la risasi lenye jibu.

Ndiyo maana waandaaji wa mashindano ya Bisley, Uingereza, wana haki ya kuwabana washindani wa bunduki za shabaha kwenye kaliba za kijeshi kama 7.62 ya NATO, pacha wa .308. Huko, mwaka 1930, Marjorie Foster alitwaa Tuzo ya Mfalme kwa .303, kaliba ya jeshi, akimzidi luteni mmoja kwa pointi moja. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuishinda.

Hata jina Creedmoor linatoka kwenye uwanja wa New York ambako Marekani iliishinda Ireland kwa 934 dhidi ya 931 mwaka 1874. Waireland walikuja na bunduki za kushindiliwa baruti mdomoni, wenyeji na za kisasa za kujaziwa nyuma, na magazeti yangeweza kubishana hapo mwaka mzima. Lakini mmoja wa Waireland, Milner, alipiga katikati kabisa ya shabaha ambayo si yake, akapewa sifuri. Naye Mmarekani John Bodine, aliyejikata mkono kwa chupa ya kinywaji cha tangawizi, alifyatua risasi ya mwisho damu ikimtoka, akaipiga shabaha barabara.

Anayeanza leo asome kwanza kanuni za mashindano anayoyataka: F-TR, tawi la F-Class, kwa mfano, hukubali .223 na .308 pekee. Anayekwenda kwenye PRS, kunakofyatuliwa haraka kutoka mikao mingi, achukue milimita 6 bila aibu. Teke lake ni dogo, naye ataona risasi ilikotua. Wengine wote wanunue .308, na fedha zitakazobaki ziende kwenye risasi za mazoezi.