Kompyuta ilisema simama, watu wakasema twende

Leo tuweke kando simu na mitandao, tuzungumzie rola kosta: lile gari la burudani linalokimbia juu ya reli, likipanda kilima cha chuma na kushuka kwa kasi huku abiria wakipiga mayowe. Huenda hujawahi kupanda. Usijali, somo lake linatuhusu sote tunaoandika programu au kuzitumia.

Ninayoisemea inaitwa The Smiler, na iko katika bustani ya burudani ya Alton Towers, Uingereza. Ilifunguliwa mwaka 2013, gharama yake pauni milioni 18. Reli yake ina urefu wa mita 1,170 na humpindua abiria kichwa chini, miguu juu, mara 14. Hiyo ni rekodi ya dunia.

Sasa jiulize: reli moja inabebaje magari manne au matano kwa pamoja bila kugongana? Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Reli imegawanywa vipande, na sheria ni moja tu: kipande kimoja, gari moja. Vitambuzi vilivyo kando ya reli huiarifu kompyuta gari limeingia wapi na limetoka wapi. La mbele lisipotoka, la nyuma huzuiwa. Ukiwa mwandishi wa programu utalitambua wazo hili mara moja. Ni kufuli ile ile tunayoiweka kwenye hifadhidata ili watu wawili wasibadilishe rekodi moja kwa wakati mmoja.

Tarehe 2 Juni 2015 upepo ulikuwa mkali. Siku hiyo gari la tano liliongezwa kwenye reli, na gari tupu likatumwa kujaribu njia. Halikupata mwendo wa kutosha. Likarudi nyuma na kukwama bondeni. Kisha likatumwa gari lenye abiria 16. Kompyuta ikalisimamisha kileleni, kama ilivyoandikiwa. Mafundi hawakujua kuna gari limekwama mbele. Wakadhani kompyuta imekosea, wakaipuuza, wakaliachilia gari lishuke. Likaligonga lile tupu. Watu watano waliumia vibaya, na wanawake wawili vijana kati yao walikatwa mguu. Ilichukua zaidi ya saa nne kuwatoa wote.

Wengi wakisikia kisa hiki husema "kosa la binadamu", wakafunga faili. Mimi nakataa. Uchunguzi haukupata hitilafu kwenye reli, magari wala kompyuta. Hata hivyo, aliyeshtakiwa hakuwa fundi. Alikuwa mwajiri, kampuni ya Merlin, kwa kuwa hakukuwa na utaratibu madhubuti wa kufanya maamuzi yanayogusa usalama. Kampuni ilikiri kosa, na Septemba 2016 mahakama ikaitoza faini ya pauni milioni 5.

Nionavyo, mahakama iliona jambo ambalo sisi wa kompyuta hulisahau: njia ya kuipuuza programu ni sehemu ya programu. Tunaandika mistari elfu moja ya kuzuia hatari, tunaijaribu usiku kucha, kisha tunaweka kitufe kimoja cha kuivuka yote bila kuuliza swali hata moja.

Kuna atakayesema basi kiondolewe. Hapana. Vitambuzi huharibika kweli, na abiria hawawezi kulala kileleni. Kitufe kinahitajika. Lakini kiwe na masharti. Mtu ahesabu magari kwa macho yake, si kwa kukisia. Mtu wa pili ahesabu tena. Kompyuta nayo idai idadi hiyo kabla ya kufungua njia. Dakika tano za kuhesabu hadi tano zingetosha.

Tatizo ni kwamba dakika tano huonekana nyingi foleni ikiwa ndefu na watu wameshalipa. Haraka hiyo haiko Alton Towers pekee. Popote penye seva pana mtu anayetaka kengele izimwe kwanza na sababu itafutwe baadaye. Kengele ikishazoeleka kuwa kero, hakuna anayejiuliza kama safari hii inasema kweli.

Methali yasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti ingekuwa hivyo! Waliopuuza onyo walikuwa chini, salama. Waliopoteza miguu walikuwa wamefungwa vitini huko juu, wala hawakuulizwa neno. Ndiyo maana kitufe hiki hakiwezi kuachiwa busara ya mtu mmoja aliye na haraka.

The Smiler ilifunguliwa tena Machi 2016. Wewe je, kazini kwako nani anaruhusiwa kuiambia kompyuta inyamaze, na lazima athibitishe nini kwanza? Kama jibu ni "yeyote" na "hakuna", anza na hilo kesho asubuhi.

Tuonane wiki ijayo.