Siku 22: sheria inahesabu, na sisi tuhesabu

Bandugu, vijana wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na miji yote ya Kongo,

Kila asubuhi, mbele ya mageti ya depo, viwanda na machimbo, vijana wanasimama kungoja jina lao liitwe. Wanaitwa jurnalie, watu wa kazi ya siku. Kuna wenye wanafanya hivyo tangu mwaka mmoja, kuna wa miaka mitano: geti lile lile, mashine ile ile, shefu yule yule. Mtu akiuliza kontra, anajibiwa: "Wewe ni jurnalie, hauna kontra. Kama hautaki, acha, bengine bako inje."

Sisi tunasema wazi: jibu hilo linavunja sheria ya nchi hii.

Kode ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, haikumsahau jurnalie. Kifungu cha 40 kinasema hivi: ukiisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na patro akakuchukua tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, kazi hiyo mpya inahesabiwa kuwa ni ya kontra isiyo na mwisho. Haiombi saini ya patro. Haiombi huruma yake. Sheria yenyewe ndiyo inakubadilisha.

Si hiyo tu. Kontra ya muda haiwezi kupita miaka miwili. Kifungu cha 41 kinakataza kuirudilia zaidi ya mara moja kwa kampuni moja, isipokuwa kwa kazi za msimu, kazi yenye mwisho unaojulikana, na zingine zilizotajwa na Leta. Kifungu cha 42 kinamaliza mjadala: kama nafasi ni ya kudumu, kontra nayo iwe ya kudumu.

Hatusemi kila kazi iwe ya maisha. Kupakua lori moja ya saruji ni kazi ya siku, inaisha, unalipwa, unaenda. Lakini mashine yenye kuzunguka usiku na mchana mwaka mzima si kazi ya siku. Geti lenye kulindwa kila usiku si kazi ya siku. Kazi inadumu, ila mtu ndiye anafanywa wa kupita. Hapo ndipo wizi ulipo.

Ujanja tunaujua wote. Siku zikikaribia 22, unaambiwa: "Kazi imepunguka, utarudia mwezi ujao." Kesho yake jirani yako anakaa kwa nafasi yako. Ama unahamishwa kwa karatasi tu: leo unalipwa na kampuni hii ya sutretansi, kisha miezi sita na ingine, na ungali na koleo ile ile mkononi. Ukipata ajali, mwenye mgodi anasema wewe si wake. Kampuni ya sutretansi nayo inasema siku zako zimeisha. Unabaki na mguu uliovunjika na bili ya hospitali.

Sheria ya sutretansi ya tarehe 8 Februari 2017 ilitoka ili pesa za kazi hizo zifikie kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Tuliikubali, na tungali tunaikubali. Lakini patro kuwa Mukongomani hakufanyi njaa iwe tamu. Kama faida ya mwenye kampuni inatoka kwa kumnyima ndugu yake kontra, hiyo si maendeleo. Ni jina tu la mnyonyaji limebadilika.

Kifungu cha 36 cha Katiba kinasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mukongomani, na kinataja mshahara wa haki. Basi hatuombi zawadi. Tunadai mambo matatu.

Kwanza, wakaguzi wa kazi watoke ofisini. Wafike kwa mageti bila kutangaza, wafungue daftari za kuingia, wahesabu siku za kila jurnalie.

Pili, Wizara ya Kazi itangaze kwa watu wote kampuni gani zimekaguliwa na nini kilipatikana. Ripoti yenye kulala kwenye droo haimlindi mtu.

Tatu, kampuni kubwa zikubali kujibu kwa wenye kuzitumikia kupitia sutretansi: mshahara, matunzo ya ajali, CNSS. Mwenye kuvuna jasho asikimbie mwenye jasho.

Na wewe kijana, usingoje Kinshasa. Kuanzia leo andika kila siku ya kazi: tarehe, mahali, jina la shefu, pesa uliyopewa. Piga picha ya baji na ya karatasi ya malipo. Kontra ya karatasi isipokuwepo, sheria inakuruhusu kutoa ushahidi kwa njia zingine, na daftari yako ni mwanzo wa ushahidi huo. Kesi inaanza kwa inspekta wa kazi, kwa upatanisho. Tribinali haipokei kesi yenye haikupita huko. Na usikawie: kudai mshahara kuna mwaka mmoja tu, madai mengine mengi ya kontra ni miaka mitatu.

Usiende peke yako. Mtu mmoja mwenye daftari anafukuzwa kesho asubuhi. Watu arobaini wenye daftari arobaini, na siku zenye kulingana, ni kesi. Ndiyo maana patro anapenda tusijuane majina pale kwa geti.

Basi tujuane. Tuhesabu pamoja. Siku ya 22 ikifika, tukuwe tayari.