Nani Atakalia Kiti Baada Yako?

Kutoka Musoma hadi Bunda, na kutoka Bunda hadi Butiama, hakuna senta isiyo na kibanda cha wakala wa fedha za simu. Dagaa wa ziwani hulipiwa kwa simu, ada ya mtoto aliye bweni hutumwa kwa simu, na mama mjane hupokea kwa simu kile alichojaaliwa na mwanawe aliye Mwanza. Mali ya nyumba zetu imo mikononi mwa makampuni haya. Kwa hiyo haitoshi kuuliza makato ni kiasi gani. Yatupasa pia kuuliza ni nani aliyekalia kiti cha juu, na akiondoka ni nani aliyeandaliwa kukishika.

Tuitazame Vodacom Tanzania, iliyoleta M-Pesa nchini mwaka 2008. Mwaka 2017 iliuza hisa kwa wananchi, shilingi 850 kwa hisa moja, nao wengi wakanunua kwa akiba yao ndogo. Mwaka uliofuata Ian Ferrao aliondoka katika ukurugenzi, na kampuni ikamtangaza Sylvia Mulinge, Mkenya kutoka Safaricom. Hakupewa kibali cha kazi. Kiti kikashikwa na Hisham Hendi, raia wa Misri. Mwaka 2021 akaja Sitholizwe Mdlalose, na mwaka 2022 Philip Besiimire kutoka Uganda. Mama Mulinge naye, mwaka huo huo wa 2022, akakabidhiwa kuiongoza MTN Uganda, kwa maana uwezo wake haukuwa na walakini.

Wako waliolaumu Serikali kwa kumnyima kibali, na wako walioisifu. Sisi twaona swali lenyewe limeachwa pembeni. Katika majina yote hayo hamna Mtanzania hata mmoja, ilhali kampuni imefanya kazi nchini tangu mwaka 2000. Miaka kumi na minane yatosha kumchukua kijana aliyemaliza chuo, kumpitisha idara hii na ile, kumpeleka nje akajifunze, na kumrudisha akiwa tayari. Kibali kilipokataliwa, tatizo halikuwa karatasi peke yake. Ndani ya nyumba hapakuwa na aliyekuwa amekwisha kuandaliwa kusimama.

Jirani zetu wa Kenya nao walionja. Michael Joseph aliiongoza Safaricom tangu mwaka 2000, akamwachia Bob Collymore mwaka 2010. Mwishoni mwa mwaka 2017 Collymore alikwenda kutibiwa saratani ya damu nje ya nchi, akarejea kazini mwaka 2018. Muda wake ulipokaribia kwisha mwaka 2019, akaongezewa mwaka mmoja. Mauti hayakungoja: alifariki tarehe 1 Julai 2019, na siku ya pili yake bodi ikamwita mzee Joseph arudi kushika kwa muda. Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kukikalia kiti hicho, alianza tarehe 1 Aprili 2020. Miezi tisa mstaafu alikuwa akilinda nyumba! Biashara haikuanguka, na hilo ni la kushukuru, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kubisha hodi zaidi ya mwaka mzima kabla. Linganisheni na Apple ya Marekani: Steve Jobs alimkabidhi Tim Cook mwezi Agosti 2011, akafariki Oktoba mwaka ule ule, na Cook alikuwa amekwisha kumshikia nafasi mara kadhaa alipokuwa mgonjwa.

Sisi wa Mara hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Pale Mwitongo, Butiama, amelala mtu aliyejua kuondoka. Mwalimu Nyerere aliuachia uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa. Na mwaka 1985 akamkabidhi urais Mzee Ali Hassan Mwinyi. Kweli, alibaki mwenyekiti wa chama hadi 1990, na hatudhani miaka ile mitano ilikuwa myepesi kwa Mzee Mwinyi, kwani kuongoza huku mwalimu wako amesimama mlangoni si jambo dogo. Hata hivyo mrithi alikuwa kitini, akitenda, na mkubwa wake alikuwa hai wa kuulizwa.

Sasa turudi madukani mwetu. Baba ana duka la jumla, ana uwakala, pengine ana mtumbwi wenye injini. Laini ya uwakala ina jina lake, namba ya siri anaijua yeye, madeni ya wateja yamo kichwani mwake. Akifumba macho, mirathi itagawa mabati, magunia na fedha taslimu, kila mwenye haki apate fungu lake. Lakini mirathi haigawi ujuzi wa kununua, wala haiwaambii watoto nani awe msemaji. Ndipo ndugu hupelekana mahakamani, na duka lililolisha watu kumi na wanane hugeuka kuwa fremu ya kupangisha.

Baada ya swala ya Ijumaa ya leo, baba na wakae na watoto wao, wa kike na wa kiume, wafungue daftari la madeni mbele yao. Na yule binti anayekaa kaunta kila jioni aulizwe anachokijua. Huenda duka lina mkurugenzi tayari.