Kindu: Mtoto wa kituo akifikisha miaka 18, nani anamngoja nje ya mlango?

Noeli ikikaribia, kuna makanisa ya Kindu yanayobeba mchele, sabuni na mafuta ya mawese hadi gereza kuu. Korali inaimba, mchungaji anahubiri, picha zinapigwa, na waamini wanarudi Kasuku na Mikelenge wakiwa na furaha. Ni kazi njema. Kwa mfungwa asiye na ndugu wa kumletea chakula, siku hiyo huenda ikawa ya pekee ya kula akashiba. Lakini kuna swali ambalo haliulizwi sana katika ua ule: kati ya vijana waliokaa chini wakisikiliza, wangapi walikulia katika vituo vya mayatima vya makanisa?

Swali hilo si la kuaibisha mtu. Vita vya 1998 hadi 2003 viliacha mayatima wengi Maniema, na makanisa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, yalifungua milango wakati serikali ilikuwa imegawanyika vipande. Watoto walikula, walisoma, walibatizwa. Hata leo kazi hiyo inaendelea, kwani vita vya mashariki havijaisha kuleta watoto wasio na wazazi. Shida inaanza pale ambapo furaha ingepaswa kuanza. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamhesabu mtu kuwa mtoto mpaka afikishe miaka 18. Baada ya hapo ni mtu mzima, na kitanda chake kinangojwa na mwingine. Anaombewa, anapewa begi, pengine na godoro. Anatoka.

Mtoto wa nyumbani akifikisha 18 haendi popote. Anabaki kwa baba mpaka aoe, na mambo yakiharibika kuna mjomba Kibombo au shangazi Kasongo mwenye shamba la mpunga. Mtoto wa kituo hana Kibombo wala Kasongo. Anajua kusali, kufua nguo zake na kufuata kengele, lakini hajawahi kulipa kodi ya nyumba wala kubishana na mwenye nyumba. Wengine wanakimbilia machimbo ya Kailo au Kampene. Wengine wanabaki mjini, wakisukuma mizigo bandarini na stesheni, na kulala panapopatikana.

Kisha simu ya mtu inapotea sokoni.

Hapa ndipo makaratasi yanapokuwa mazito kuliko mahubiri. Kwa makosa madogo, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya 1959 inaruhusu mtu awekwe kizuizini ikiwa anahofiwa kutoroka, au ikiwa utambulisho wake haujulikani. Kijana asiye na cheti, asiye na anwani wala jamaa anatimiza masharti hayo yote kabla hajafungua kinywa. Kwa makosa makubwa zaidi, kama wizi, anaweza kuomba kuachiliwa kwa muda, lakini hakimu atataka dhamana ya pesa au mahali panapojulikana pa kukaa. Nani atalipa? Atataja avenyu gani? Katiba inasema polisi wasimshike mtu zaidi ya saa 48, na kwamba uhuru ndio kanuni. Amri ya kwanza ya kizuizini ni ya siku 15, kisha inaongezwa mwezi kwa mwezi. Faili isiyo na mtu wa kuiulizia inalala chini ya mafaili yenye wajomba.

Na kama kijana huyo ana miaka 16? Angepaswa kupelekwa tribinali ya watoto, siyo kuchanganywa na wakubwa. Lakini atauonyesha vipi umri wake? Kuandikisha mtoto ni bure katika siku 90 za kwanza baada ya kuzaliwa. Zikipita, inabidi kupata hukumu ya tribinali inayoshika nafasi ya cheti, na hiyo inataka mtu mzima wa kuifuatilia. Kadi ya mpiga kura, ambayo Wakongo wengi wanaitumia kama kitambulisho, ilitolewa mara ya mwisho katika uandikishaji wa 2022 na 2023. Aliyekuwa mdogo mno wakati ule hana hata hiyo.

Wapo watakaosema: vijana wetu waliosoma hawana kazi, kwa nini makanisa yahangaikie wezi? Hasira hiyo inaeleweka kwa mtu aliyeibiwa pikipiki. Lakini yule ambaye bado hajahukumiwa si mwizi mbele ya sheria, na aliyehukumiwa atatoka siku moja akiwa na rafiki aliowapata ndani tu. Wengine watasema kwamba huo ni wajibu wa serikali. Ni kweli kabisa, na gavana na wabunge wa jimbo waulizwe kila mwaka. Wakati huo kijana anakula mabaki ya wenzake.

Wakristo wa mashariki wana mfano wa karibu. Floribert Bwana Chui, mfanyakazi wa ofisi ya udhibiti wa bidhaa huko Goma, aliuawa Julai 2007 kwa sababu alikataa hongo ili chakula kilichoharibika kisipite mpakani. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Kabla ya kifo hicho kinachojulikana, kulikuwa na jambo dogo zaidi: pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa akikaa na watoto wa mitaani wa Goma, wale wanaoitwa maibobo, akiwasaidia kusoma. Aliwapa saa zake baada ya kazi.

Saa hizo ndizo zinazokosekana Kindu kuliko mchele. Mwanasheria muumini anaweza kushika mafaili matano kwa mwezi. Seremala wa parokia anaweza kupokea mwanafunzi mmoja, na mama mjane wa Alunguli mwenye chumba kitupu anaweza kuwa ile anwani ambayo hakimu anaitafuta. Misikiti pia ina watu wa namna hiyo, na Maniema ni jimbo ambapo padri na shehe wanajuana kwa majina. Wanaotembelea gereza wangekaa meza moja na wanaoendesha vituo, walau mara moja kwa miezi mitatu, na kulinganisha majina.

Lakini vyeti visingoje mkutano. Watoto wenye miaka 15 na 16 walio vituoni leo wanaweza kuombewa hukumu ya tribinali wiki hii. Imebaki miaka miwili au mitatu kabla mlango haujafungwa nyuma yao.