Mgeni Katika Pango la Misali

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi ndogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu, na kwanza nikiri kosa langu.

Muhula huu darasa letu lilikwenda kisiwa cha Misali. Tulipanda mashua Wesha asubuhi, tukashuka kisiwani jua limekwisha kupanda. Mwalimu alitueleza kuwa jiwe la kisiwa kile ni matumbawe ya kale. Zamani lilikuwa chini ya maji, na bahari ilipoteremka likabaki juu. Kisha akatuonyesha mapango. Wavuvi huyaheshimu sana, na wako wanaokwenda kuomba dua huko.

Mimi sikusikiliza. Nilikuwa nimeona picha za Railay, nchini Thailand, ambako watu huparamia majabali ya chokaa yaliyo ukingoni mwa bahari. Nami nikauparamia ukuta wa mlangoni mwa pango, nikitaka kuiona bahari kutoka juu. Nikashika ncha ya jiwe, ikakatika. Kiganja changu kilichanika, lakini si hilo linaloniuma. Nahodha wetu alikiokota kile kipande, akakirudisha mahali pake taratibu kana kwamba kitashika. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, hili hatukulijenga sisi."

Wenzangu wengine husema jiwe ni jiwe, vijana waachwe wacheze. Mimi si adui wa michezo. Huko Railay kwenyewe liko pango la Phra Nang ambamo wavuvi huweka sadaka zao, na wapandaji hupanda jirani. Mchezo na heshima vyaweza kukaa pamoja, lakini kwa kamba, kwa mafunzo na kwa idhini. Mimi sikuwa na hata kimoja.

Tena tukumbuke kuwa Misali ni hifadhi tangu mwaka 1998. Iko sehemu ya maji yake isiyoruhusiwa kuvuliwa, na samaki ndio riziki ya watu. Ikiwa mvuvi aweza kuuzuia mshipi wake mwaka mzima, je, mwanafunzi hawezi kuizuia mikono yake siku moja?

Rai yangu ni kwamba kila safari, kabla hatujapanda mashua pale Wesha, tusomewe masharti ya kisiwa: tusiparamie, tusichonge majina, tusichukue kitu.

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mimi nilikwenda, mwenyeji akavunjika.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu