Kete Huuzwa Mtaani, Kinga Nayo Ianzie Mtaani

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu na Malindi hata Mombasa, Tanga na Unguja, ni chache leo aila kubwa zinazoweza kusema kwa kinywa kipana kwamba hazina kijana, awe wa tumbo moja, wa ami au wa mjomba, aliyeguswa na unga, yaani heroini. Na ni machache mambo ambayo aila hizo huyafunika kwa juhudi kama zinavyolifunika hilo. Juu ya masaibu haya pamesemwa mengi mimbarini na majukwaani, na aghalabu maneno hayo huelekezwa kwa polisi wasiokamata, kwa mahakimu wanaoachilia na kwa matajiri wa biashara hiyo, wala sisemi kwamba lawama hizo hazina msingi. Ninalodai ni kwamba kuna ulinzi usioweza kutoka katika kituo cha polisi wala katika ofisi ya gavana, nao ni ule wa watu wa mtaa mmoja waliokaa pamoja, wakapatana, wakawa na neno moja juu ya watoto wao wote. Na maadamu kila nyumba inaendelea kupigana peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, tutawaokoa vijana wetu mmoja mmoja, kwa bahati tu.

Tazama jinsi habari ya kijana inavyodhihiri. Kwanza hupotea chenji iliyowekwa chini ya kitambaa cha meza, kisha sufuria mbili zilizoanikwa uani, kisha mtungi wa gesi. Na siku inapopotea simu ya baba, ndipo nyumba inapokubali kulitamka kwa sauti ya chini neno ambalo majirani walilijua tangu mwaka uliopita. Maana muuza duka alikuwa akimwuzia sigara moja moja tangu yuko darasa la saba. Mwalimu wa madrasa aliuona utoro wake, akadhani ni ukaidi wa ujana. Kocha aliona pumzi zake zimekatika kabla ya nusu ya kwanza ya mchezo kwisha, kinyozi akaona macho yake yalivyobadilika, na kijana wa bodaboda alimpakia mara nyingi mpaka kwenye maskani ambayo kila mtu anajua kinachouzwa hapo. Watu watano walikuwa na habari tano, na kila mmoja aliishika yake mkononi asijue la kuifanyia. Na mama mtu, ambaye ndiye aliyezihitaji zote, hakuletewa hata moja.

Walinyamaza kwa sababu wanajua malipo ya asemaye. Atakayekwenda kugonga mlango na kusema, "Mama Fulani, mtoto wako nimemwona mahali nisipopapenda," huenda akarudi na matusi, akaambiwa atazame wa kwake, na maneno hayo yakawa uadui wa miaka. Zamani mtu mzima alikuwa na idhini ya kumkanya mtoto wa mwenziwe, na mtoto akifika nyumbani kushitaki huongezewa. Sitamani kurudi kwenye bakora, kwani nyingi zilipigwa bila ya haki. Lakini idhini ile ilikuwa amana kubwa, nasi tumeiacha ikapotea bila ya kuweka kitu mahali pake. Kazi ya kwanza ya umoja wa mtaa ni kuirudisha idhini hiyo kwa mapatano: wazazi wakutane, wapeane ruhusa waziwazi, mbele ya mashahidi, kwamba mtoto wangu akionekana penye shaka niambiwe siku hiyo hiyo, nami sitakasirika.

Serikali, yetu na za nje, kwa upande wao hazikukaa kitako. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi katika bahari iliyo karibu na pwani ya Kenya likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo meli Al Noor, iliyokutwa na zaidi ya kilo 300 za heroini, ililipuliwa baharini, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Na mwaka 2019 mahakama ya New York ilimhukumu Baktash Akasha wa Mombasa kifungo cha miaka 25 kwa ulanguzi wa dawa za kulevya. Hayo ni mambo makubwa, na walioyatenda wanastahiki shukrani. Lakini tani ile, lau ingepita, isingemfikia kijana ikiwa tani. Ingemfikia ikiwa kete, unga kidogo uliofungwa katika kipande cha nailoni, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, upitao kutoka kiganja hadi kiganja katika kusalimiana. Manowari haiwezi kuukamata mkono unaosalimiana. Auonaye ni yule aketiye barazani baada ya alasiri, naye ni jirani yetu, na aghalabu ni sisi wenyewe.

Wala mtoto haanzi na unga. Huanza na kuber, tumbaku ile ya pakiti ndogo iliyopambwa kama peremende, au na muguka wa kutafuna na wenzake, kisha msokoto wa bangi, na siku moja msokoto huo huchanganywa na kitu ambacho hakuambiwa. Mwezi wa Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka uletwao kutoka Embu. Haikupita muda mrefu Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha amri hizo, na Serikali Kuu nayo ikasema hazina nguvu ya sheria, kwa kuwa zao hilo linalindwa na sheria za nchi. Wakulima wa Embu wana haki ya riziki yao, na jambo hilo liamuliwe na wenye mamlaka ya kuamua. Hata hivyo, amri ya juu ilipoanguka, mitaa mingi ilibaki mikono mitupu, kana kwamba hapakuwa na lolote la kufanywa ila amri. Lau wenye maduka ya mtaa mmoja wangalikwisha kupatana na wazazi kwamba hawamwuzii mtoto wa skuli muguka, wala kuber, wala sigara moja moja, mapatano hayo yasingalihitaji gavana wala yasingalisimamishwa na mahakama yoyote. Na duka ambalo lingekiuka lingeyaona malipo yake katika mauzo ya sukari na unga wa ngano.

Iko nchi moja iliyofanya jambo la namna hii kwa miaka mingi na kuandika hesabu zake. Huko Iceland, mwaka 1998, katika kila vijana 100 wa miaka 15 na 16, 42 walisema wamelewa katika mwezi uliotangulia, na 23 walikuwa wakivuta sigara kila siku. Kufikia mwaka 2016 waliolewa walikuwa 5, na wavutaji 3. Najua kwamba Iceland ni kisiwa cha watu wachache, chenye mali na baridi, na kwamba ulevi wao wa pombe si heroini ya Kisauni. Lakini tuyatazame matendo yao. Wazazi wa kila skuli walitia saini mapatano ya pamoja juu ya saa za kurudi nyumbani, na sheria ikawaunga mkono: kijana wa miaka 13 hadi 16 hatakiwi nje baada ya saa nne za usiku wakati wa baridi, isipokuwa yuko pamoja na mtu mzima. Wazazi walitembea kwa zamu usiku wa mwisho wa wiki, si kuwapiga watoto, bali kuonekana tu. Halmashauri zikatoa fedha ili kila mtoto, hata wa maskini, apate mchezo au muziki wa kumshughulisha baada ya masomo. Na kila mara vijana waliulizwa maswali bila ya kuandika majina, kisha majibu yakarudishwa upesi kwa skuli ile ile na mtaa ule ule, ili watu wajue hali ya watoto wao wenyewe badala ya kusoma habari za taifa zima. Katika hayo yote sioni moja lisilowezekana Likoni au Malindi, na mengine twaweza kuyaanza bila ya senti.

Umoja ninaousemea ukutane siku inayojulikana, mahali panapojulikana, katika ukumbi wa madrasa au uwanja wa zahanati. Ndani yake wawemo imamu na padri, mwalimu, kocha, muuza duka, muuguzi, mwenyekiti wa bodaboda, na akina mama wawe nusu yake au zaidi, kwa kuwa wao ndio waonao mambo kwanza. Wawemo pia vijana wenyewe, na wawemo waliotoka katika uraibu. Juu ya hawa wa mwisho nina neno. Tumezoea kuwachukua na kuwasimamisha mbele ya wanafunzi waeleze walivyoteseka, tukidhani hofu itawakinga watoto. Ilhali mwongozo wa kimataifa wa kinga uliotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu mwaka 2013 unaitaja njia hiyo, pamoja na ile ya kutisha tu, miongoni mwa zisizoleta faida. Mahali pa mtu huyu si jukwaani, ni penye shauri, ambapo maarifa yake hayana mfano: yeye ndiye ajuaye saa gani kete hufika, kwa mlango upi, na kwa kisingizio gani.

Hapa Kenya, tangu mwaka 2013, tunao utaratibu wa ulinzi wa majirani uitwao Nyumba Kumi, na ndugu zetu wa Tanzania walikuwa na mabalozi wao wa nyumba kumi tangu enzi ya TANU. Utaratibu huo ni mzuri, lakini watu wengi huuona kuwa ni sikio la polisi, na mama anayeogopa kwamba siri ya mwanawe itaishia katika selo hatafungua mlango. Kwa hiyo umoja na uweke mpaka ulio dhahiri, utangazwe na usivunjwe: habari za muuzaji ziende polisi, na habari za mtoto ziende kwa muuguzi. Siku hata moja zikichanganywa, kazi imekwisha.

Mpaka huo waufuate walimu pia. Mtoto akikutwa na msokoto katika mkoba hufukuzwa, na skuli huhisi imejisafisha. Kumbe imemtoa mtoto mahali pekee palipokuwa na watu wazima wa kumtazama mchana kutwa, ikamkabidhi kwa maskani. Ama wale wanaompiga teja aliyeiba kandambili mpaka akafa, hao wameua, na hapana jina jingine la kukiita kitendo hicho.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ujinga hufanya kazi pamoja na siri. Kijana akishikwa na arosto, yaani mwili unapoukosa unga, hutetemeka, machozi na kamasi humtoka, mifupa humuuma, tumbo humharisha. Na nyumba isiyo na wa kuishauri humfunga kamba chumbani au humwita mganga, ilhali tiba ipo. Malindi ilipata kituo cha tiba ya uraibu, Omari Project, mwaka 1995. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011, na Malindi ikafuata 2015, mgonjwa akinywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Unguja zimesimama nyumba za upataji nafuu zinazoendeshwa na watu waliotoka wenyewe katika uraibu. Umoja wa mtaa hauhitaji kutibu. Yatosha kujua mlango ulipo na kumsindikiza mtu mpaka hapo. Asisahauliwe msichana, ambaye hufichwa mara mbili, kwa uraibu wake na kwa jinsia yake, na hufika kwenye tiba akiwa amechelewa sana.

Lipo jambo zito kuliko yote niliyoyataja, nalo ni fedha. Muuzaji wa mtaani si mgeni. Ndiye alipaye gari la maiti, ndiye anunuaye mabusati, ndiye amalizaye mchango wa harusi uliokwama, na wakati wa uchaguzi fulana zake huvaliwa na vijana wale wale aliowauzia. Kwa ihsani hizo hununua kimya cha mtaa kwa bei nafuu mno. Umoja wowote ulio wa kweli hauna budi kuanza kwa kukataa sadaka hiyo, na maimamu na mapadri watangulie, kwa kuwa wao ndio waletewao kwanza. Najua jambo hili ni gumu na lina hatari, na kwa sababu hiyo halifai kuachiwa mtu mmoja shujaa. Hukataa watu arubaini kwa pamoja, siku moja, kwa sauti moja.

Baada ya hayo tudai haki yetu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeuweka udhibiti wa dawa za kulevya katika kazi za kaunti, pamoja na zahanati na viwanja vya michezo. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na sisi huandamana tarehe 26 Juni, siku ya kupinga dawa za kulevya iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1987, hesabu zikiwa zimekwisha kufungwa. Basi enyi wazazi na wazee, msingoje maandamano. Nendeni katika mikutano ya maoni ya wananchi miezi kadhaa kabla, mkiwa na orodha ya mtaa wenu, mkamwulize mwakilishi wa wadi kwa staha na bila ya woga: uwanja upi utatengenezwa, muuguzi gani atawekwa, na shilingi ngapi zimetengwa, wala msiondoke hapo mpaka jibu lake limeandikwa na kutiwa saini.