Siku ya kazi, tunywe kinywaji chetu

Kila mwaka, tarehe 1 mwezi wa tano inapokaribia, swali la kwanza mu sendika si la mishahara. Ni swali la bière. Kompani itatoa kazie ngapi? Na sukre ngapi ya watoto? Mimi niko delege tangu myaka mingi, na mimi pia nilishaenda na barua mukononi kulomba ile bière. Leo nasema: tuache. Tupike vinywaji vyetu wenyewe, mu lupango letu, na feza yetu.

Sababu ni hii. Kuna mwaka mumoja walitupatia kazie mingi sana. Tulikunywa, tukacheza, tukavaa na mashati yao. Wiki mbili kiisha, tukaingia mu mukutano kuuliza juu ya maski za vumbi na juu ya bisi ya wale wanaotoka kazi usiku. Mukubwa mumoja akasema: "Lakini juzi tu si tuliwafanyizia fête?" Wenzake wakacheka. Mimi nikaangalia chini. Mukono uliopokea kilauri hauna nguvu ya kupiga meza.

Tena, siku hii si zawadi ya mutu. Ilitoka ku mugomo wa Chicago, mwaka 1886, watu walipodai kutumika masaa 8. Kwetu leo, wangapi wa sutiretansi wanatumika masaa 12? Namna gani tukumbuke masaa 8 na bière ya yule anayetudai 12?

Najua jibu la vijana: "Delege, unataka tukunywe maji?" Hapana. Kwetu Katanga hatukosi kitu cha kunywa. Tuko na munkoyo, sawa vile wandugu wetu wa Zambia. Unapika uji mwepesi wa bunga ya mahindi, unauiva muzuri, unauacha upoe mpaka uwe vuguvugu. Kiisha unatia mizizi ya munkoyo iliyooshwa na kutwangwa. Usiitie mu uji wa moto sana, juu moto unaua nguvu ya mizizi. Ule uji mwenyewe utalegea na kuwa mutamu. Chuja, funika, kesho yake unakunywa. Ukipika tarehe 30 magaribi, tarehe 1 iko tayari. Lakini usiiache siku tatu na kuwapa watoto: inakuwa kali, inageuka pombe.

Wasiopenda munkoyo, tuwafanyizie tangawizi. Mu maji ya litri 20, mimi natia kilo 1 ya tangawizi iliyotwangwa na mafungu mawili ya sitroneli, naichemsha pamoja. Ikishapoa nachuja, natia sukari kilo 2 na maji ya ndimu. Mama mwenye menta ku bustani yake alete majani kidogo. Mwezi wa tano baridi ya asubui imeanza; tangawizi ya moto inafurahisha hata wazee.

Na ile feza itaenda wapi? Kwa wamama wa soko, wanaouza mizizi, tangawizi na ndimu. Wengi wao ni wake wa watumishi, ao wajane wa watumishi.

Kuna neno moja la kuangalia sana, na hapa nasema sawa mutu wa usalama wa kazi. Bidoni! Watu wanapenda kubeba bidoni tupu za ku usine, za asidi na za miti ingine ya kusafisha shaba na kobalti. Wanaosha na sabuni, wanasema imekwisha. Haikwisha. Plastiki inameza ile sumu, na tangawizi yenye ndimu itaitoa tena mu kilauri cha mutoto. Bidoni ya ku usine isiingie mu jiko, hata kama inangaa. Tutumie sufuria kubwa na ndoo za mafuniko za nyumbani. Maji yote yachemshwe, mikono ioshwe na sabuni. Kolera tunaijua, hatuna lazima ya kufundishwa.

Sikatazi mutu bière yake. Mwenye kutaka anunue na feza yake, akae nayo pamoja nasi. Ninachokataa ni ile barua ya kulomba.

Basi pendekezo langu ni hili: kila sekisio ilete sukari, bunga na makala; wamama na wababa wote watwange. Ndiyo, wababa pia, mutu anayepiga jiwe siku nzima hawezi kushindwa na tangawizi. Na mwezi wa sita, tukirudi ku meza kuuliza ile bisi ya usiku, hakuna mutu atakayetukumbusha kilauri chake.